Nyimbo za Kiladino na hip hop: ukate rekodi ya zamani, upige upya, au uandike mistari mipya?

Anayetaka kuchanganya nyimbo za jadi za Wayahudi wa Sefaradi, yaani wenye asili ya Hispania, na hip hop ana njia tatu. Anaweza kukata kipande cha santuri ya zamani akakizungusha juu ya ngoma zake. Anaweza kutafuta mwimbaji na wapiga ala, wimbo ukarekodiwa upya, kisha rapa akapewa nafasi yake. Au anaweza kuandika mistari mipya kwa Kiladino chenyewe na kuichana. Nimeziweka kandokando kwa ajili ya prodyuza au rapa anayesita aanzie wapi, na nitasema wazi ninayoipendelea, kwa sababu njia hizi hazilingani.

Kwanza tuelewane kuhusu nyimbo zenyewe. Mwaka 1492 watawala wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa. Wengi wao waliishia katika dola ya Waturuki wa Osmani: Salonika, Istanbul, Izmir, Sarajevo, kisiwa cha Rhodes. Wengine walikwenda kaskazini mwa Moroko. Waliendelea na Kihispania chao, wakakitia maneno ya Kiebrania, Kituruki na Kigiriki, na ndicho tunachokiita leo Kiladino. Watu wengi hudhani kwamba muziki nao ulibebwa mzima kutoka Hispania. Maneno ya baadhi ya nyimbo yalibebwa kweli, hasa yale masimulizi marefu ya wafalme na mabinti yanayoitwa romansa. Lakini sauti nyingi tunazozisikia leo zilikulia Uturuki na Balkani, ndani ya maqamu, yaani njia za kupanga nota za wimbo, zilezile walizopiga majirani zao Waislamu, Wagiriki na Waarmenia. Prodyuza asiyelijua hilo atatafuta gitaa mahali palipohitaji udi.

Kwa msomaji wa Lubumbashi habari hii si ya mbali. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 Wayahudi wa Rhodes walihamia Katanga kufanya biashara, wakati mji ukiitwa Elisabethville, na sinagogi waliyoijenga kuelekea 1930 bado imesimama. Waliobaki Rhodes walikamatwa na Wajerumani Julai 1944 na kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz. Walionusurika hawakufika 200. Salonika, mji ambao Wayahudi wake walikuwa maelfu kwa maelfu, ilikuwa imeshamalizwa mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo santuri ya Kiladino ya kabla ya vita imebeba sauti ya mitaa ambayo watu wake waliuawa karibu wote. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo linaloamua kipande gani kikatwe, na kiwekwe chini ya maneno gani.

Kwa nini hip hop inauweza muziki huu kuliko gitaa

Majaribio mengi yanayojulikana hayakupitia hip hop. Yasmin Levy wa Jerusalem, ambaye baba yake Yitzhak Levy alitumia maisha yake kukusanya na kuchapisha nyimbo hizi, aliziunganisha na flamenko, muziki wa gitaa na uimbaji wa kusini mwa Hispania, na albamu yake *La Judería* ya mwaka 2005 ndiyo iliyowafikia wengi. Sarah Aroeste wa Marekani, mwenye asili ya Monastir ya Balkani na Salonika, alizipeleka kwenye roki. Ni kazi za watu wenye vipaji, na sauti ya Yasmin Levy inaweza kukusimamisha barabarani. Ila tusidanganyane kwamba flamenko ni kurudi nyumbani. Habari za flamenko zinaanza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 18, Wayahudi wakiwa wameshaondoka Hispania karibu miaka 300. Ni ndoa ya ladha, si ya ukoo.

Tatizo la gitaa ni kwamba linadai harmonia: nota tatu au nne zipigwe pamoja chini ya kila kipande cha wimbo. Nyimbo hizi hazikuumbwa hivyo. Nyumbani mama aliimba peke yake, akipika au akimbembeleza mtoto. Harusini kulikuwa na wanawake walioitwa tanyederas, waimbaji wa kukodiwa wenye pandero mkononi, ambayo ni dufu tu kwa jina lingine. Sauti moja na ngoma, basi. Sasa tazama biti ya hip hop ina nini: ngoma, besi, na uwazi mkubwa katikati. Biti inaweza kuuacha wimbo utembee wenyewe bila kuuvalisha harmonia ya Ulaya. Ndiyo maana nasema prodyuza wa hip hop asijione mvamizi hapa. Yuko karibu na mama wa pandero kuliko alivyo mpiga gitaa.

Kukata santuri

Kampuni za santuri ziliingia miji ya Waosmani mwanzoni mwa karne ya 20, na Wayahudi walikuwa miongoni mwa waliorekodiwa. Jina la kuanzia ni Haim Effendi wa Edirne, aliyerekodi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nyimbo za Kiladino na za ibada kwa Kiebrania. Baadaye kuna Victoria Hazan, mzaliwa wa Uturuki aliyehamia New York na kurekodi huko miaka ya 1940, mwenye sauti nzito iliyotulia ambayo rapa yeyote angetamani iwe kiitikio chake.

Uzuri wa rekodi hizi kwa kazi yetu uko katika upungufu wake. Kabla ya 1925 hivi hapakuwa na maikrofoni. Msanii aliimba ndani ya pembe, na mtikisiko wa sauti yake ndio uliochora nta. Pembe haikushika sauti za chini. Kipande kinakufikia kikiwa hakina besi kabisa, na kiki yako, yaani ngoma nzito ya chini, na besi yako zinakaa chini bila kugombana na chochote. Prodyuza aliyezoea kukata rekodi za soul za miaka ya 1970 hupoteza muda mwingi kuondoa besi ya watu ili aweke yake. Hapa kazi hiyo imeshafanywa na teknolojia duni ya wakati ule. Na ule mchakacho wa santuri, ambao wengine hununua programu ili kuuigiza, unakuja wenyewe.

Usumbufu unaanza kwenye mwendo. Hakuna aliyepiga kwa kufuata mashine, kwa hiyo kasi inapanda na kushuka ndani ya dakika tatu za upande mmoja wa santuri. Usijaribu kuunyoosha wimbo mzima. Tafuta mahali ambapo udi au fidla inafungua kabla mwimbaji hajaingia, chukua mizunguko miwili tu, uikate kwenye pigo lenyewe, na uifanye kuwa msingi wako. Sauti ya mwimbaji iweke baadaye kama mguso, neno moja au mbili mwishoni mwa kila mistari minne. Na usiamini kwamba santuri zote zilizunguka mara 78 kwa dakika kama ilivyoandikwa. Nyingi zinatua kati ya nota mbili za kinanda. Badala ya kuivuta santuri ifuate kinanda, ishushe au ipandishe besi yako ifuate santuri. Sikio litakushukuru.

Haki nazo zina hesabu yake. Kwa sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 2018, rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 ziliachiwa huru Januari 1, 2022, na za 1923 zikafuata Januari 2024, kisha mwaka mmoja mmoja. Rekodi za 1923 hadi 1946 zinalindwa kwa miaka 100. Maana yake Haim Effendi wa kabla ya vita unaweza kumkata huko bila kuomba, lakini Victoria Hazan bado ana mlango wa kubishwa. Nchi nyingine zina hesabu tofauti, kwa hiyo angalia sheria ya mahali unapotoa kazi.

Kuna jambo lisilo la sheria pia. Kwenye santuri za zamani nyimbo za mapenzi na sala zimekaa pamoja, na asiyejua Kiebrania hawezi kuzitofautisha kwa sikio. Muulize anayejua kabla hujaanza kukata. Kuweka matusi au majigambo ya pesa juu ya sala ya watu walioangamizwa ni kosa ambalo hakuna biti kali kiasi gani itakayolifuta. Wimbo wa harusi au wa mapenzi uko wazi kwa mchezo. Ulichezewa hata na wenyewe.

Kupiga upya

Kundi linalotajwa zaidi katika mchanganyiko huu ni Hip Hop Hoodíos, Walatino Wayahudi wa Marekani, ambao albamu yao *Agua Pa' La Gente* ilitoka mwaka 2005. Wanachana kwa Kihispania cha leo na Kiingereza, wakiwa na ala za moja kwa moja, na ucheshi mwingi kuhusu kuwa Mlatino na Myahudi kwa wakati mmoja. Wimbo wao wa kujifunzia ni *Ocho Kandelikas*, wimbo wa Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya mishumaa. Sikiliza kwa nini wimbo huu ulikubali hip hop bila kulalamika: kiitikio chake kinahesabu mishumaa, mmoja, miwili, mitatu, mpaka minane, kwa mdundo wenye harufu ya tango. Mtu asiyejua neno hata moja la Kiladino anaitikia mara ya pili ukipita. Kiitikio cha namna hiyo ndicho rapa hukitafuta usiku na mchana.

Lakini usiuchukue ukidhani ni wa jadi. Wimbo huo ulitungwa mwaka 1983 na Flory Jagoda, mzaliwa wa Bosnia aliyeishi Marekani hadi alipofariki 2021. Umeenea kiasi kwamba hata walimu wa kwaya huuandika kuwa hauna mtunzi. Una mtunzi, na kuurekodi kunahitaji kibali. Kwa anayetaka wimbo usio na deni, *Adio Kerida* ndio ningemshauri auanze: kuaga kwa mpenzi aliyeumizwa, usio na mtunzi anayejulikana, wenye sauti inayokaribiana sana na wimbo wa opera ya Verdi ya mwaka 1853. Kwa kuwa umeshachanganyika na Ulaya, unakaa vizuri kwenye kinanda cha kawaida, hivyo prodyuza mwenye laptopu na kibodi ndogo hapati taabu.

Taabu inaanza na nyimbo zilizokulia ndani ya maqamu hasa, na hapa ndipo wasomaji wa pwani yetu wana faida ambayo prodyuza wa Brooklyn hana. Wapiga taarabu wa Zanzibar wanazijua njia hizi: Hijazi, Bayati, Rasti. Maqamu za Kituruki na za Kimisri ni ndugu, hazilingani kwa kila nota, lakini mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, aliyelelewa na taarabu atasikia wimbo wa Izmir na kujua mkono wake uende wapi. Anayeishi karibu na chuo cha muziki cha Dhow Countries pale Unguja, ambako kanuni, udi na fidla hufundishwa, ana wapigaji ambao studio nyingi za Ulaya zingewalipia tiketi ya ndege.

Hijazi ndiyo rahisi kwa biti. Ule mruko wake mpana kati ya nota ya pili na ya tatu unapatikana kwenye kinanda bila kubadilisha chochote, na kila sikio linautambua. Bayati, ambayo Waturuki wana nduguye anayeitwa Uşşak, ina nota ya pili iliyokaa katikati ya nota mbili za kinanda. Mpiga kanuni huipata kwa vibanzi vidogo vya chuma vilivyo chini ya nyuzi. Mwimbaji huipata kooni. Kisha wimbo unaingia kwenye kompyuta, prodyuza anaiwasha programu ya kunyoosha sauti kama alivyozoea, na programu inaiona nota ile kuwa kosa, inaisukuma juu au chini. Kwa sekunde moja wimbo wa Salonika unageuka kuwa tangazo la redio. Dawa ni kuzima programu hiyo kwenye sauti ya mwimbaji, au kuiambia iiache nota hiyo moja, na kwenye sampla, yaani mashine ya kuchezesha vipande vya sauti, kuishusha nota husika kwa mkono kwa nusu ya umbali ulio kati ya nota mbili zinazofuatana za kinanda. Besi iiepuke nota hiyo kabisa. Ikae kwenye ya kwanza, ya nne na ya tano, na wimbo utapumua juu yake.

Jambo lingine ni mapigo. Hip hop inatembea kwa nne, ilhali sehemu ya nyimbo hizi, hasa za kuchezwa, zinatembea kwa tisa: mbili, mbili, mbili, tatu. Unaweza kuulazimisha wimbo wa tisa uingie kwenye nne kwa kukata pigo moja, na nimesikia watu wakifanya hivyo. Wimbo unakuwa kama unachechemea. Bora kuchagua wimbo mwingine wa mapigo sawa, au kujikaza na kutengeneza biti ya tisa, kiki ikianguka kwenye kila mwanzo wa kundi na kofi likianguka kwenye lile kundi la mwisho lenye mapigo matatu. Rapa atalalamika saa ya kwanza. Akishaizoea atapata mtiririko ambao hana mwenzake.

Gharama ya njia hii ni kubwa kuliko zote: mwimbaji, mpiga udi au kanuni, mpiga dufu, na siku za studio. Mwimbaji ndiye asiyebadilishika. Anayejua Kihispania cha leo ataimba maneno ya Kiladino kwa matamshi ya Madrid, na mzee wa Izmir atajua kabla ya mstari wa kwanza kuisha, maana Kiladino kimehifadhi sauti za sh na j laini ambazo Hispania iliziacha karne nyingi zilizopita. Mtafutie mwimbaji rekodi za wazee azisikilize kwanza.

Kuandika mistari mipya

Hii ndiyo njia yenye watu wachache, na ndiyo inayohitajika zaidi. Wazungumzaji wengi wa Kiladino ni wazee, na watoto wanaokua wakikisema nyumbani karibu hawapo. Kuimba nyimbo za bibi kunahifadhi nyimbo. Kuchana kuhusu kodi ya nyumba, mapenzi ya simu na foleni ya ubalozini kwa Kiladino kunaipa lugha kazi mpya. Mwimbaji Nani Vazana, anayeishi Amsterdam, amekuwa akitunga nyimbo mpya kwa Kiladino, na ingawa si hip hop, amethibitisha kwamba inawezekana bila kusikika kama makumbusho. Huko Istanbul gazeti la *El Amaneser* limekuwa likitoka kwa Kiladino kila mwezi tangu 2005, na ni hazina kwa anayetaka kujua watu wanaandikaje leo kuhusu mambo ya leo.

Kwa upande wa vina na mizani, mshairi wa Kiswahili atajikuta nyumbani kuliko anavyotarajia. Mshororo wa romansa una silabi 16 zilizogawanyika nane kwa nane, kama ukwapi na utao wa shairi letu la mizani 16. Tofauti ni kwamba shairi letu linadai kina cha kati na cha mwisho kwa silabi nzima, lakini romansa inatosheka na irabu zilezile mwishoni mwa mshororo, konsonanti zikibadilika upendavyo. Rapa tayari wanafanya hivyo. Wanafunga kwa irabu na hakuna anayewadai zaidi. Chukua biti ya mapigo 90 kwa dakika. Ukiweka silabi nane kwenye kila mzunguko wa mapigo manne, mshororo mmoja unachukua sekunde tano na kidogo, mwendo wa kusimulia, wa kueleweka hata na bibi. Ukizibana silabi 16 ndani ya mzunguko mmoja unapata silabi sita kwa sekunde, kasi ya rapa anayetaka kuonyesha pumzi yake. Mistari mitatu kwa mwendo wa kwanza, wa nne kwa mwendo wa pili, na tayari una ubeti wenye umbo la zamani na pumzi ya sasa.

Ugumu ni mmoja na hauna njia ya mkato: lazima ujue lugha, au uandike na anayeijua. Kuchukua Kihispania cha kawaida na kukipachika maneno mawili ya Kiebrania si Kiladino, na wenyewe hawatakaa kimya. Hip Hop Hoodíos hawakujidai kuchana kwa Kiladino. Walichana kwa Kihispania chao na kuacha Kiladino kikae kwenye kiitikio. Huo ni uaminifu, na kwa rapa wengi ndio mpaka unaofaa.

Kwa hiyo uchague ipi

Mwenye laptopu, masikio mazuri na mfuko mtupu akate santuri za kabla ya 1923, za mapenzi au harusi, achukue mizunguko miwili, na aandike juu yake kwa lugha yake mwenyewe. Kiswahili juu ya udi wa Istanbul hakitasikika kigeni kwa mtu yeyote aliyelelewa na taarabu. Asisahau kuandika jina la msanii wa santuri kwenye maelezo ya wimbo, hata kama sheria haimdai.

Mwenye bendi, au mwenye rafiki anayepiga kanuni, apige upya. Hii ndiyo ninayoipendelea kwa wengi, kwa sababu maqamu inabaki hai, mapigo yanaweza kuheshimiwa, na mwimbaji anaweza kurudia mstari pale rapa anapouhitaji, jambo ambalo santuri haiwezi. Kwenye kazi hiyo ningeweka fedha nyingi kwa mwimbaji, kidogo kwa ala, na ngoma ningeanza na dufu halisi lililorekodiwa karibu, kisha kiki ya mashine chini yake.

Mistari mipya ya Kiladino namwachia yule aliye na mzee wa kumsomea rasimu. Kama yupo mjukuu wa Rhodes huko Lubumbashi, Brussels au Seattle anayesoma hapa na ana daftari la mistari, amtafute mzee huyo mwezi huu, amsomee mstari kwa mstari, na simu iwe inarekodi.